Shajara ya mparachichi wa mama: nani anakula majani?

Jumamosi, 23 Novemba 2024

Mama aliniita asubuhi kabla sijamaliza chai. "Njoo uone, mwanangu. Wameula tena." Nikamfuata nyuma ya nyumba, na kweli, mparachichi umeliwa. Mvua zimeanza hapa Uyole, Mbeya, mti umechipua upya, na yale majani machanga yenye rangi ya shaba, laini kama ngozi ya mtoto, ndiyo yaliyoshambuliwa zaidi.

Mti huu ni wa aina ya Hass, mche wa kubebesha. Mama aliununua Tukuyu mwezi Machi 2022 kwa fedha yake ya mboga, akaupakata kwenye Coaster mpaka nyumbani. Ulikuwa unafika magotini. Sasa umenipita kimo. Septemba ulitoa maua kwa mara ya kwanza, mengi yakapukutika kama ilivyo kawaida ya mparachichi, lakini vimebaki vitunda kumi na kimoja, na mama anavihesabu kila siku. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Sitaki tupige ramli. Nataka kumjua anayekula.

Nimehesabu matawi matatu ya chini. Majani 64, yaliyoliwa 41. Umbo la jeraha ni hili: linaanzia ukingoni, linaingia ndani nusu duara, kubwa kama ukucha wa kidole cha mwisho, halafu kando yake kuna jingine, na jingine, mpaka jani linabaki na meno kama msumeno. Katikati ya jani hakuna tundu. Mshipa mkubwa wa kati haujaguswa. Hakuna utando, hakuna jani lililokunjwa, hakuna vinyesi vya viwavi. Mchana kutwa sikuona mdudu hata mmoja juu ya mti.

Jumapili, 24 Novemba

Mdogo wangu aliona huruma kuliko subira. Jana mchana alikwenda duka la pembejeo, akasema "kuna wadudu wanakula majani", akapewa chupa. Hakuulizwa ni mti gani, majani yanaliwaje, wala kama kuna mtu amemwona mdudu mwenyewe. Nimesoma lebo leo: dawa ya vidukari kwenye nyanya na kabichi. Kidukari anafyonza utomvu, hana meno ya kukata jani. Na alipulizia asubuhi ya leo saa nne, jua likiwaka, bila glovu wala kitambaa puani. Nimemgombeza, naye kanyamaza, kwa sababu alifanya kwa ajili ya mama.

Jioni mvua ikanyesha, ikaosha kila kitu.

Jumatatu, 25 Novemba

Majani mapya saba yameliwa usiku. Chini ya migiligilani iliyochanua, hatua mbili tu kutoka kwenye mparachichi, nimeokota nyuki watatu wamekufa. Imeniuma sana. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa jike, likafunga, kisha siku ya pili likafunguka likiwa dume. Bila nyuki na nzi wa kuhamisha chavua, mti unaweza kujaa maua pomoni na usikupe tunda la maana. Tumemuua mfanyakazi wetu, mwizi tumemwacha anakula.

Chupa nimeifungia stoo, juu, mbali na watoto. Hakuna kupulizia mpaka tumwone mhusika kwa macho.

Jumatano, 27 Novemba

Kila mtu ana mshukiwa wake.

Babu wa nyumba ya jirani anasema ni konokono. Nimeamka saa kumi na mbili asubuhi, umande bado haujakauka, nikapitisha tochi kwenye shina na majani. Konokono anapopita huacha mchirizi unaong'aa kama gundi iliyokauka. Kwenye kabichi za mama michirizi ipo. Kwenye mparachichi hakuna hata mmoja. Konokono namtoa.

Mdogo wangu anasema ni kuzumburu, wale ndege wenye mikia mirefu wanaotembea kwa makundi. Kweli wanakula majani na matunda, niliwahi kuwaona wakimaliza mapichi ya watu. Lakini ndege huyo anachana, jani linabaki na mapande yaliyoning'inia. Hapa ukingo umekatwa safi. Tena kuzumburu ni wa mchana, na mchana mama yuko pale pale nyuma anapepeta maharage.

Mimi mwenyewe nilimfikiria nyuki mkata majani. Yule hali jani, analikata vipande vya mviringo akajengee kiota. Nikalinganisha na majani ya mwaridi wa mbele ya nyumba, ambako najua anakata: kule duara ni kamili, kama limepigwa na mkasi wa fundi cherehani, na ukubwa ni ule ule kila mahali. Haya ya mparachichi yana vikwaruzo vidogo ukingoni, ukubwa unatofautiana, na mengine yanaingiliana. Huyu ametafuna, hakukata.

Panzi sijamtoa, ila panzi ningemwona mchana.

Jumamosi, 30 Novemba

Leo nilidhani kesi imekwisha. Mlimau uko hatua nne kutoka kwenye mparachichi, na juu yake nimekuta viwavi sita. Wadogo ni weusi wenye doa jeupe mgongoni. Ukiwatazama haraka utaapa ni kinyesi cha ndege, na nadhani wengi ndivyo tulivyopita tukiwaacha. Wakubwa ni wa kijani, wanene, urefu wa kidole. Nilipomgusa mmoja kwa kijiti alichomoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali ikanijia. Hao ndio watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayepita hapa kwetu. Wanakula majani ya jamii ya limau na chungwa, na wanayala kwa juhudi.

Mama alifurahi, akasema basi tuwatoe wote na yaishe. Nikamwomba nibaki na wawili. Kuna jambo halijanikaa sawa: chini ya mlimau vimejaa vinyesi vyao, vidonge vya kijani iliyokoza. Chini ya mparachichi hakuna hata kidonge kimoja.

Jumatatu, 2 Desemba

Kiwavi mmoja niliweka kwenye chupa yenye majani machanga ya mparachichi. Mwingine kwenye chupa yenye majani ya limau. Nimewapa siku mbili.

Wa limau amemaliza majani mawili na kujaza vinyesi. Wa parachichi amezunguka chupa nzima, amepanda, ameshuka, hajatia jino. Jana jioni nilimhurumia, nikamtupia jani la limau, alilianza palepale. Kwa hiyo si yeye. Anaishi jirani tu na mahali palipoibiwa.

Nimewarudisha wawili hao kwenye mlimau. Mti ni mkubwa, hautakufa kwa viwavi wawili, na kipepeo wake ninampenda.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua mpaka usiku. Sikutoka.

Alhamisi, 5 Desemba

NIMEMWONA.

Saa tatu usiku nilivaa koti na kofia ya sufu nikatoka na tochi. Baridi ya Uyole hata Desemba haina mchezo baada ya mvua. Nilikosea mara ya kwanza: nilikwenda nimewasha tochi kabisa, nikaimulika kwenye matawi, na kabla macho hayajakaa sawa nikasikia tap, tap, tap kwenye matandazo. Vitu vinadondoka. Nilipopiga magoti kutafuta sikuona kitu, majani makavu na udongo tu.

Nikarudi ndani, nikachukua shuka jeupe la zamani. Nikalitandaza chini ya mti gizani, taratibu, nikasubiri kama robo saa. Halafu nikashika tawi, nikalitikisa mara moja kwa nguvu, ndipo nikawasha tochi.

Kumi na wanne. Wamelala kwenye shuka wamekunja miguu, weusi wa kijivujivu, kama punje za kahawa zilizokaangwa. Kimya kabisa. Unamgeuza, hajitikisi. Nilikuwa nimeanza kudhani labda ni mbegu zilizodondoka kutoka mahali, kisha mmoja akanyoosha mguu. Halafu wa pili. Mara wote wakaanza kutembea kuelekea gizani, miguu mirefu, bila haraka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga begani. Akasogea, akainama, akacheka. "Hao si vifaurongo? Tulikuwa tunawachezea kule Rungwe tukiwa wadogo. Unamgusa, anakufa. Unamwacha, anafufuka."

Siku kumi na mbili natafuta, na jina lake mama analo tangu utotoni. Ila alikuwa hajui kwamba wanakula majani. Walikuwa wakiwakuta mchana chini ya majani makavu, wakichezea tu.

Kisha nikazima tochi, nikafunika kioo chake na kitambaa chekundu cha khanga ili mwanga uwe hafifu, nikasogelea tawi ambalo sikulitikisa. Wanne walikuwa bado juu. Mmoja nilimtazama karibu dakika tano. Anapanda ukingo wa jani, analishika katikati ya miguu kama mtu anayekula mkate, anashusha kichwa na kutafuna kuelekea kwake, anarudi juu, anashusha tena. Nusu duara ikatokea mbele ya macho yangu.

Ijumaa, 6 Desemba

Mchana, kwa miwani ya mama ya kusomea badala ya lenzi. Urefu kama sentimita moja. Tumbo la mviringo lililotuna, kichwa kimechongoka mbele kuwa pua fupi pana, na vipapasio vyake virefu vimepinda katikati kama kiwiko. Ni fukusi, wa ukoo mmoja na wale wanaotoboa mahindi ghalani, ila huyu ni mkubwa na kazi yake ni majani.

Nilijaribu kumfunua mabawa kwa sindano kwa mmoja aliyekufa kweli. Hayafunguki. Gamba la mgongoni limeshikana moja kwa moja, halina mfunguko, na ndani yake hakuna bawa la kurukia. Nikarudia kwa wa pili, ni vile vile.

Nimekaa na jambo hili mchana mzima. Mdudu asiyeruka hana namna ya kufika jani la juu isipokuwa kutembea. Anatoka ardhini, anapanda shina, anakula, anashuka au anajidondosha. Kila usiku anapita njia ile ile moja, na njia hiyo ina unene wa kifundo cha mkono wangu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, mdogo wangu yuko nyumbani. Tumefukua matandazo yote.

Nakiri tulijitengenezea. Tuliambiwa, na ni kweli, kwamba mizizi ya mparachichi inayokula iko juujuu, hivyo ardhi yake ifunikwe. Sisi tukarundika nyasi na maganda ya maharage mpaka yakagusa shina. Ndani ya rundo hilo, hasa pale penye unyevu karibu na shina, tumeokota vifaurongo 31. Wamelala mchana kutwa, pua kwa pua na ngazi yao.

Kwenye udongo tumekuta pia funza weupe waliojikunja, na hapa nusura tukosee. Mdogo wangu alitaka kuua wote. Nikampangia kwenye sahani. Wengine wana miguu sita mbele, wanene, rangi ya maziwa. Hao ni wa mende wa samadi, tulihama nao pamoja na mbolea ya ng'ombe, na kwenye samadi wanasaidia kuiozesha. Wengine ni wadogo, wamepinda kama herufi C, kichwa cha kahawia, na hawana mguu hata mmoja. Funza wa fukusi hana miguu. Hao walikuwa watano, na walikuwa kwenye mizizi. Maana yake mama yao anakula majani juu na watoto wanakula mizizi chini.

Wenye miguu tumewarudisha kwenye lundo la samadi. Wasio na miguu na wale 31 tumewapa kuku. Kuku wa mama hawakuuliza maswali.

Jumanne, 10 Desemba

Nimekwenda kwa bwana shamba wa kata na kichupa. Alitazama mara moja, akasema ni fukusi wa kundi la Systates, na kwamba kwenye kahawa wanajulikana siku nyingi, jani la kahawa wanalifanya msumeno vile vile. Akaniuliza, "Umemkuta saa ngapi?" Nilipomwambia saa tatu usiku akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kuhusu dawa aliuliza mti ni mmoja au shamba. Mmoja. Basi akasema mkono, shuka na kizuizi shinani vinatosha, tena majani ya mti uliokomaa yanavumilia. Mche mdogo ndio unaodumaa.

Jumamosi, 14 Desemba

Kizuizi kimefungwa. Mdogo wangu, ambaye ni fundi pikipiki, ndiye aliyetengeneza, na ameifanya kazi hii vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Grisi haipakwi kwenye gome lenyewe, italichoma na kulizuia kupumua. Kwa hiyo kwanza tulizungushia shina kitambaa cha pamba, upana wa kiganja, kikajaza mibonyeo ya gome ili mdudu asipite chini yake. Juu ya kitambaa tukafunga plastiki ngumu, kamba juu na chini, imekaza lakini hainyongi. Juu ya plastiki, grisi, safu nene. Kimo ni magoti, ili kuku na matone ya mvua yenye udongo visiifikie.

Matandazo tumeyarudisha, maana mizizi inayahitaji, ila tumeacha duara tupu la shubiri moja kuzunguka shina.

Kabla ya kufunga nilitikisa matawi yote juu ya shuka: tisa. Ukifunga mlango mwizi yuko ndani, umemfungia na chakula.

Nimechagua majani 20 machanga ambayo hayajaguswa, nikayafunga uzi mwekundu kwenye vikonyo. Mparachichi wa kienyeji uliojiotea karibu na bafu, nao una majani 20 yenye uzi. Huo hauna kizuizi. Nataka kulinganisha.

Jumanne, 17 Desemba

Wa kienyeji: 8 kati ya 20 yameliwa. Hass: 5 kati ya 20.

Matano! Nilitegemea sifuri. Kwenye grisi kuna wawili tu walionasa. Mama ameniona nilivyonyong'onyea, akasema, "Wamepita pengine, mwanangu. Angalia vizuri."

Jumatano, 18 Desemba

Mama alikuwa sahihi. Yale matano yote yako upande mmoja, wa mashariki. Upande huo maharage ya kupanda yametambaa kwenye mijiti, na mjiti mmoja umeegemea tawi la chini. Usiku wa kuamkia leo nilikaa na mwanga mwekundu: saa mbili na nusu kifaurongo mmoja akapanda mjiti, akafika juu, akapapasa na vile vipapasio vyake vilivyopinda, akashika jani la mparachichi, akavuka. Nyuma yake mwingine.

Asubuhi tumeusogeza mjiti, tumekata tawi moja lililogusa nyasi, na nyasi zenyewe tumefyeka. Nimetikisa tena: wanne.

Jumamosi, 28 Desemba

Majani manne ya Hass nimeyaongezea uzi mpya, yawe 19 mazima. Siku kumi: moja limeliwa. Wa kienyeji: 15 kati ya 20.

Kwenye grisi, kumi na saba. Wengine wamezunguka chini ya mkanda bila kukanyaga, nimewakuta kwenye kitambaa upande wa chini wamejificha. Wamekwenda kwa kuku.

Vitunda vimebaki tisa. Viwili vimedondoka, lakini mparachichi hupunguza wenyewe, na vikonyo vyake vilikuwa vimekauka, havikuliwa. Nimemweleza mama. Bado amevizika chini ya mti.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Mvua ya juzi ilitupa vumbi na majani kwenye grisi, ikawa daraja. Kuna mmoja amevuka juu ya jani kavu lililonata pale. Mdogo wangu amekwangua, amepaka upya. Tutakagua kila Jumamosi.

Usiku, saa tatu, mti wa kienyeji: kumi na mmoja kwenye shuka. Tumeamua nao tuufunge mkanda, ulinganisho umeshanitosha na ule mti nao una haki yake.

Jumamosi, 18 Januari

Hass umetoa machipukizi mapya, rangi ya shaba, upande wote wa juu. Nimepita jani kwa jani na mama akishika kiti nilichosimamia. Majani machanga 73. Yenye meno ya msumeno ni mawili.

Babu wa jirani alikuja kuona, akaomba grisi kidogo kwa ajili ya mpichi wake. Nikamwambia, babu, kwanza usiku tuje na shuka, tumwone wako ni nani.